Kura Mbili Pungufu

Jumapili, tarehe 3 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Kabla hujauliza: mguu wa mume wangu, mdogo wako, uko sawa. Anatembea, anapanda ngazi, na mlango wa bafu ukikwama anaupiga teke kwa mguu ule ule. Mlimfunga vizuri huko wodini kwenu. Kinachoninyima raha si mguu.

Unajua alivyokuwa. Asubuhi alikuwa akipakia jiwe lake la kunolea kwenye baiskeli, anavuka daraja, na hadi jioni mabucha yote na hoteli zote za ng'ambo zilikuwa na visu vikali. Si bure watu walimpa jina la Makali. Sasa ameisimamisha baiskeli hiyo hiyo uani kwa stendi, gurudumu la nyuma liko hewani, mkanda unazungusha jiwe, naye anapiga pedeli kutwa nzima bila kusogea hatua. Wanaomletea visu ni majirani. Wa ng'ambo wamepata mnoaji mwingine, tena nasikia anaharibu visu vya watu.

Nilimuuliza mwezi uliopita, kwa upole, si kwa ule mdomo unaoujua wewe. Akanijibu: "Siku wakijenga ukingo wa zege pale darajani, kati yangu na malori, nitapanda. Kabla ya hapo usinitajie."

Basi nimemshika neno. Mwezi ujao tunachagua madiwani. Baraza limegawanyika katikati juu ya njia ya baiskeli, nusu wanaitaka, nusu hawaitaki, na kiti cha kata yetu ndicho kitakachoamua. Mheshimiwa wetu wa sasa haitaki. Anasema baiskeli ni ya mtu ambaye bado hajafika. Anayepingana naye ni Mwalimu, yule mama wa hesabu wa shule ya msingi, na yeye ameahidi mbele ya watu kwamba ukingo utakuwa hoja yake ya kwanza. Waendesha baiskeli tumeunda chama cha kumpigia debe. Tukatafuta mwenyekiti, kila mtu akatazama kucha zake. Nikanyoosha mkono.

Mdogo wako hajasema ndiyo wala hapana. Anazungusha jiwe. Nipe neno wewe, hata likiwa la ukali.

Wako,
Wifi wa Wino

(Bado niko kwenye mashine ya kukata karatasi pale kiwanda cha uchapaji. Wino hauishi kwenye kucha, usinicheke.)


Jumatatu, tarehe 11 Machi

Wifi Mwenyekiti,

Umetaka ukali, nami sijawahi kukunyima.

Una wazimu. Nasema hivyo kwa mapenzi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa. Asubuhi hii nimewageuza vitandani watu ambao wote walikuwa na baiskeli nzuri na nia njema. Mdogo wangu aliletwa hapa mguu ukitazama upande wake na yeye upande mwingine, kwa sababu kioo cha lori kilimgusa. Kilimgusa tu! Sasa wewe unafanya kampeni ili arudi pale pale? Mwache anoe visu vya majirani. Mume anayepiga pedeli uani ni mume anayerudi kula.

Halafu siasa. Mheshimiwa wenu ana gari, ana vipaza sauti, ana watu wa kumshangilia kwa ujira. Ninyi mna kengele.

Mwambie Makali aniandikie mwenyewe. Toka atoke wodini ameniandikia mara moja tu, kuulizia soksi aliyoisahau.

Usininunie. Nakupenda, na ndiyo maana nagomba.

Wifi yako,
Dada wa Mifupa


Jumapili, tarehe 24 Machi

Wifi yangu mkali,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakununia hadi chai ikapoa, kisha nikacheka. Hayo ya kengele umeyapatia.

Lakini sikiliza. Wewe unawaona wakishavunjika. Mimi nawaona asubuhi kabla hawajavunjika: wapaka rangi wamebeba ngazi, mama anayepeleka mtoto shule, mlinzi anayerudi kutoka lindo akiwa na usingizi. Wote wanavuka kwa sababu hawana njia nyingine. Nikimzuia mmoja wangu uani, hao wengine nani atawazuia? Ukingo si wa kumrudisha mdogo wako barabarani peke yake. Ni wa kukupunguzia kazi wewe.

Sasa nikupe habari. Tuliwaalika wagombea wote wawili waendeshe baiskeli nasi, kutoka sokoni mpaka ng'ambo ya daraja. Mheshimiwa alikuja na gari, akashusha kioo, akatusindikiza pole pole akipunga mkono, na watu wa nyuma yake wakapiga honi kwa hasira. Mwalimu alikuja na baiskeli ya kuazima iliyokuwa kubwa kuliko yeye. Pindo la sketi likaingia kwenye mnyororo karibu na kibanda cha magazeti. Tukadhani ataacha. Akainama, akalichana pindo lenyewe kwa mkono, akalitia mfukoni, akapanda tena. Pale katikati ya daraja, lori lilipotupita, nilimwona akifumba midomo mpaka ikawa mstari. Hakushuka. Tulipofika ng'ambo akaniambia aliogopa njia nzima, akaomba maji. Wifi, nimewahi kuwapigia watu kura, lakini huyu ndiye wa kwanza kumheshimu.

Kiwandani wameniletea mabango ya Mheshimiwa niyakate. Mabango mazuri, uso wote umejaa. Mwenzangu akanikonyeza: pindisha kidogo, tumkate sikio. Nikakataa. Niliyakata yakanyooka kuliko yetu. Siwezi kufanya kazi mbovu kwa makusudi, mkono wenyewe unakataa.

Siku ya kura tumepanga hivi: wazee, wagonjwa, wajawazito, yeyote asiyeweza kutembea mpaka kituoni, tutambeba kwenye karia ya baiskeli. Uani kwetu ndipo pa kupokea maombi ya kubebwa, kila anayehitaji atume mtu pale. Nimeweka sharti moja na wote wamelikubali, ingawa wengine kwa kununa: hatumuulizi mtu atampigia nani. Aliyeomba abebwe, anabebwa.

Mdogo wako amekubali kukaa uani kuziba pancha na kupokea wanaotumwa. Anasema si kampeni, ni kazi ya mikono. Sijabishana naye.

Wifi wa Wino


Jumatatu, tarehe 1 Aprili

Mwenyekiti wangu,

Nimefanya jambo ambalo hukuniruhusu. Niliisoma barua yako wodini kwa sauti.

Nilianza na mgonjwa mmoja, seremala wa kitanda cha dirishani, ambaye hataki kula. Nilipofika kwenye pindo la sketi, wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Wakataka nirudie. Yule seremala akauliza kama Mwalimu alilitupa pindo au alilishona tena. Nikamwambia ale kwanza. Akala! Sasa kila nikiingia wananiuliza barua ya darajani imefika au bado, na daktari ananiuliza kwa nini wagonjwa wangu wanajadili siasa za mji wasioujua.

Nilikuandikia kwa hofu, wifi, na hofu yangu ni ya kweli, siirudishi mfukoni. Lakini ulilosema la kunipunguzia kazi limenikaa. Nimefanya kazi hapa hadi nywele zikaanza kuwa nyeupe, nikifunga mifupa na kuwaambia watu wawe waangalifu. Haikunijia hata siku moja kuuliza barabara imejengwaje. Wewe umeuliza, ukiwa na wino kwenye kucha. Najivunia kuwa wifi yako. Hilo nalisema mara moja, usilizoee.

Sharti lako la kutomuuliza mtu atampigia nani ni la kijinga na nalipenda.

Shikilia. Huyo mdogo wangu mlishe vizuri, na mwambie bado nasubiri barua.

Dada wa Mifupa


Jumanne, tarehe 16 Aprili

Dada,

Shikamoo. Najua umeisubiri barua hii. Mwandishi wa nyumba hii ni mke wangu, mimi mikono yangu ni ya jiwe.

Tumeshindwa. Kura mbili. Walihesabu, wakarudia kuhesabu, zikabaki mbili.

Dada, kura moja kati ya hizo niliibeba mimi.

Mke wangu hajui. Nakueleza ilivyokuwa, kisha uniambie la kufanya. Asubuhi nilikwenda kituoni kwa miguu nikampigia Mwalimu, nikarudi uani. Siku nzima nimeziba pancha. Natamani ungemwona mke wangu siku ile. Alibeba watu ambao mimi nisingethubutu kuwabeba. Alimbeba mama mjamzito aliyekaribia kujifungua, akitembeza baiskeli kwa mikono ili asimtikise, na alipomfikisha akageuza bila hata kunywa maji. Wenzake walikuwa wakimtazama usoni kujua kama wamechoka. Akiwa hajachoka, nao hawajachoka. Nimelala na mwanamke huyu miaka yote hii, dada, nami sikujua ninalala na jemadari.

Jioni, kituo kikikaribia kufungwa, akaja msichana anakimbia. Bibi yake ng'ambo ya daraja amekaa tangu asubuhi amevaa, mkoba mapajani, anasubiri gari la mwanawe. Gari halijaja. Magoti yake hayamfikishi hata barazani. Nikamuuliza bibi yako nani, akanitajia. Mama mzazi wa Mheshimiwa.

Baiskeli zote zilikuwa njiani. Palikuwa na moja tu, yangu, iko kwenye stendi. Nilisimama pale nikaitazama. Nilijisemea kwamba hakuna atakayejua nikimwambia msichana tumechelewa. Kisha nikaona sura ya mke wangu akisema aliyeomba abebwe, anabebwa. Nikafungua mkanda, nikaondoa jiwe, nikaishusha.

Kwenda, sikumbuki vizuri. Nakumbuka jasho. Lori la kwanza liliponipita nilihisi mguu wote umekufa ganzi, nikaendelea kukanyaga kwa sababu kusimama pale ni kubaya zaidi. Kurudi, bibi alinishika shati kwa mikono miwili. Katikati ya daraja lori likapita karibu hata kanga yake ikapeperuka. Akasema, "Mwanangu aliniambia hapa pana nafasi ya kutosha." Nikamfikisha kituoni. Aliingia wa mwisho, lango likafungwa nyuma yake. Baadaye gari lilikuja kumchukua. Lilikuwa limekwama kwenye foleni ya daraja hilo hilo.

Nikarudi, nikaiweka baiskeli kwenye stendi, nikafunga mkanda kama ilivyokuwa. Msichana nilimwomba asiseme.

Mke wangu toka juzi hali chakula, anakata karatasi na kurudi. Nikimwambia kwamba mimi ndiye niliyempelekea Mheshimiwa kura, tena mimi niliyeapa sipandi mpaka ukingo ujengwe, atanitazamaje?

Mdogo wako


Jumanne, tarehe 16 Aprili

Wifi,

Usiwasomee wodini barua hii.

Tumeshindwa kwa kura mbili. Lakini si hilo linaloninyima usingizi.

Sikupiga kura, wifi. Mimi, mwenyekiti. Nilipanga nani ambebe nani, njia gani ipitwe, maji yawekwe wapi, pampu zikae na nani. Sikupanga sisi wenyewe tupige saa ngapi. Kila nilipofika kituoni nilijiambia, nimlete mmoja zaidi halafu nipange foleni. Wa mwisho alikuwa fundi viatu wa magongo, tulikwenda taratibu, nikamshusha langoni akaingia, nikasema niegeshe baiskeli vizuri isiwazuie watu. Nikalala njaa kwenye karamu yangu mwenyewe. Nilipogeuka, bibi mmoja alikuwa anaingia na lango linafungwa. Sikuona hata aliyemleta.

Halafu tulipokusanyika, mpaka rangi mmoja akauliza kwa utani, jamani, ninyi mmepiga? Tukatazamana. Wanne kati yetu hatukupiga. Wanne, na tumeshindwa kwa mbili. Mwalimu wa hesabu alikuwepo hapo, hakuhitaji kalamu. Unajua alifanya nini? Alitukumbatia mmoja mmoja, akasema hajawahi kuona watu wajinga kiasi hicho kwa uzuri kiasi hicho. Afadhali angenizaba kibao.

Mdogo wako sijamwambia. Yeye alikwenda kwa mguu wake ule akapiga kura asubuhi na mapema. Alinishikia uani siku nzima, alinitazama kwa macho ambayo sijayaona toka tuoane. Nitamwambiaje kwamba ukingo wake nimeupoteza mimi kwa kuegesha baiskeli vizuri?

Naona anajua kitu. Ananikwepa. Labda mtu amemwambia.

Wifi yako asiyefaa kitu


Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Mdogo wangu na wifi yangu, wote wawili kwa pamoja,

Barua hii ni moja kwa makusudi. Isomeni mezani, mmoja ashike upande huu na mwingine upande ule.

Barua zenu zimenifikia siku moja, zikiwa na tarehe moja, zimetoka chumba kimoja. Nimezisoma zote mbili nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha mgonjwa aliyeruhusiwa, na nimecheka mpaka mwenzangu akaja kuangalia kama nalia. Nilikuwa nalia pia.

Siwezi kutoa siri ya mtu. Lakini mimi si kabati. Kila mmoja wenu amefanya jambo siku ile, anadhani mwenzake akilijua atamdharau. Nimewasoma ninyi wawili, nawaambia kama dada mkubwa: nisingeoa wala kuolewa na mtu ambaye asingefanya hivyo. Makali, anza wewe. Na usimung'unye maneno, sema kuanzia mkanda.

Wifi, ukishamsikiliza, useme na lako. Kisha mle chakula, kwa sababu nasikia hakuna anayekula humo ndani.

Wodi nimewaambia tumeshindwa. Seremala wa dirishani, ambaye sasa anatembea na gongo, amesema kura mbili si kushindwa, ni kuchelewa. Sikumpinga.

Dada yenu


Jumapili, tarehe 28 Aprili

Wifi yangu, dada yangu,

Tulisoma mezani kama ulivyoagiza. Tulipofika pale pa "anza wewe" aliweka mikono yake juu ya meza, akaitazama, akaanza kuanzia mkanda.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilidhani ameniona pale langoni naegesha. Alipomtaja bibi na mkoba wake mapajani, bado sikuelewa anakwenda wapi. Aliposema aliishusha baiskeli, nikauachia upande wangu wa barua.

Alieleza mpaka mwisho, akaomba radhi kwa ile kura. Nikamuuliza swali moja tu. "Ulivuka?"

"Nilivuka."

"Na kurudi?"

"Na kurudi, na mzigo nyuma."

Nililia, wifi, na wala haikuwa kwa ajili ya kura. Tangu mwezi wa tatu nimebisha milango ya watu nisiowajua, nimenuniwa, nimetukanwa, nimekata mabango mpaka vidole vikaota malengelenge, ili siku moja mtu huyu avuke daraja. Na siku ambayo alivuka nilikuwa mita chache kutoka kwake, nimempa mgongo, naegesha baiskeli.

Nikamwambia langu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa kama niliiegesha vizuri. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta. Akasema yeye kampa Mheshimiwa kura moja, mimi nimemnyima Mwalimu moja, basi hizo mbili zote zimetoka kwenye nyumba yetu, na wale wenzangu watatu wapunguziwe lawama. Kisha akasema alivyoniona siku ile. Maneno yenyewe siyaandiki, ni yangu.

Usifikiri tumesahau ukingo. Aliyekuwa anaiogopa barabara bado anaiogopa. Tangu tuliposoma barua yako amevuka kila siku na jiwe lake, na kila jioni akirudi shati limelowa, si kwa joto. Malori ni yale yale. Kwa hiyo chama hakijavunjwa. Mwalimu amerudi darasani na bado ndiye mshauri wetu.

Na kuna hili. Juzi yule msichana alikuja tena. Bibi yake amemwambia mwanawe, mbele ya wageni waliokuja kumpongeza, kwamba amelivuka daraja lake nyuma ya baiskeli na ameona nafasi aliyokuwa akiisema. Nasikia Mheshimiwa alijibu kwamba mambo haya ni ya kitaalamu. Bibi hakubishana. Alhamisi baraza linakaa kwa mara ya kwanza, kikao ni cha wazi, na bibi ametuma ombi uani kwetu. Anataka kupelekwa. Gari la mwanawe lipo, dereva yupo, amelikataa. Anataka baiskeli, na anamtaka aliyemleta siku ile. Sharti letu unalijua, hatukumuuliza anakwenda kusema nini.

Makali ameshona mto wa kuweka kwenye karia. Waendesha baiskeli wote tunakwenda. Wenzangu walitaka niongoze, mwenyekiti awe mbele. Nimewaambia hapana. Mimi nitakuwa nyuma yake darajani. Tangu lori lilipomgusa sijauona mgongo wa mume wangu ukivuka daraja, na nataka kuutazama mpaka ng'ambo.

Wifi yako